Neno "Rangi" katika Somo la Sayansi: Kufundisha Chanzo cha Rangi kwa Kutumia Vitu vya Kila Siku

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ambavyo mwalimu anaweza kufundisha sayansi ya rangi kwa kutumia vitu vinavyopatikana jikoni, sokoni na shambani. Hoja kuu ni kwamba ugumu wa mada hii kwa mwanafunzi azungumzaye Kiswahili hautokani na uhaba wa vifaa pekee. Unatokana pia na neno rangi lenyewe, ambalo hubeba maana tatu zinazopaswa kutenganishwa: dutu inayopakwa au kutiwa, mwanga unaofika machoni, na hisi inayotokea kwa mtazamaji. Wakati huohuo, majina mengi ya rangi katika Kiswahili ni majina ya vitu, na kila kitu kati ya hivyo hupata rangi yake kwa njia inayoweza kuchunguzwa darasani. Makala yanaonesha kwamba lugha inayoleta utata ndiyo pia inayompa mwalimu orodha ya vifaa vya kuuondoa.

1.0 Utangulizi

Katika mikahawa na nyumba nyingi za Afrika Mashariki, chai isiyotiwa maziwa huitwa chai ya rangi. Fundi wa nyumba naye hununua rangi kwa ndoo. Mwalimu wa fizikia huwaambia wanafunzi kwamba mwanga mweupe una rangi nyingi ndani yake. Watu hawa watatu wametumia neno moja, lakini hawakuzungumzia kitu kimoja. Wa kwanza amezungumzia kinywaji ambacho hakikufunikwa na weupe wa maziwa, wa pili dutu iliyomo ndooni, na wa tatu mionzi.

Mtu mzima huzipita tofauti hizi bila shida, kwa sababu muktadha humwongoza. Mwanafunzi anayejifunza mada hii kwa mara ya kwanza hana msaada huo. Akiambiwa kwamba rangi zote zikichanganywa hutoa nyeupe, hukumbuka kwamba alipochanganya rangi za maji shuleni alipata tope. Asipoelezwa kwamba kauli ya mwalimu inahusu mionzi, ilhali kumbukumbu yake inahusu dutu, hubaki na njia mbili tu: kukariri kauli hiyo kwa ajili ya mtihani au kuikataa kimyakimya. Katika hali zote mbili sayansi haijafundishwa.

Nchini Tanzania tatizo hili huongezwa uzito na mabadiliko ya lugha ya kufundishia. Kwa jumla, shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na shule za sekondari kwa Kiingereza. Mwanafunzi huingia sekondari na dhana aliyoijenga kwa neno rangi, kisha hupewa istilahi mpya juu ya dhana ileile ambayo haijachambuliwa. Istilahi mpya haiondoi mkanganyiko wa zamani, huufunika tu.

2.0 Maana Tatu za Neno Rangi

Maana ya kwanza ni dutu. Katika maana hii rangi hununuliwa, hupakwa, hutiwa kwenye nguo na huweza kwisha. Maana ya pili ni mwanga. Mwanga ambao jicho la binadamu huweza kuuona una urefu wa mawimbi wa takribani nanomita 400 hadi 700. Mwanga wa urujuani una mawimbi mafupi zaidi katika masafa hayo, na mwekundu una mawimbi marefu zaidi. Maana ya tatu ni hisi. Katika retina ya mtu mwenye uoni wa kawaida kuna aina tatu za seli ziitwazo koni, na kila aina husisimkwa zaidi na sehemu fulani ya masafa hayo. Ubongo hulinganisha nguvu ya misisimko hiyo mitatu, na matokeo yake ndiyo tunayoyaita nyekundu, kijani au manjano. Isaac Newton, aliyechapisha kitabu chake cha Opticks mwaka 1704, alitahadharisha humo kwamba mionzi yenyewe haina rangi, bali ina uwezo wa kuamsha hisi ya rangi.

Tofauti kati ya maana ya pili na ya tatu inaweza kuoneshwa kwa simu ya mkononi. Kioo cha simu kikionesha picha ya manjano, kisha kikawekewa tone dogo sana la maji, tone hilo hufanya kazi ya kikuza na kuonesha nukta nyekundu na za kijani zinazowaka bega kwa bega. Hakuna nukta ya manjano. Jicho hupokea mwanga mwekundu na wa kijani kwa pamoja, na ubongo husoma "manjano". Mwanafunzi aliyeliona jambo hili hawezi tena kudhani kwamba kila manjano aionayo ni mwanga wa aina moja.

Tofauti kati ya maana ya kwanza na ya pili nayo huoneshwa kwa nyanya mbivu na jani bichi katika chumba chenye giza. Vitu hivi vikimulikwa kwa kioo cha simu kinachoonesha nyekundu tupu, nyanya hung'aa na jani huonekana karibu jeusi. Kioo kikibadilishwa kuwa cha kijani, jani hung'aa na nyanya hugeuka nyeusi. Dutu za nyanya na jani hazikubadilika; kilichobadilika ni mwanga unaoangukia. Hivyo, rangi ya kitu ni matokeo ya mambo mawili: mwanga unaokifikia na sehemu ya mwanga huo ambayo kitu hicho hufyonza kabla ya kurudisha iliyobaki.

3.0 Majina ya Rangi kama Orodha ya Vifaa

Kwa mtazamo wa kisarufi, Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya asili vya rangi: -eupe, -eusi na -ekundu. Hivi huchukua viambishi vya upatanisho wa kisarufi, kwa mfano kitambaa cheusi na maua mekundu. Rangi nyingine kwa kawaida huunganishwa kwa kihusishi -a: kitambaa cha kijani, maua ya manjano. Berlin na Kay, katika utafiti wao wa mwaka 1969 kuhusu majina ya msingi ya rangi, walieleza kwamba lugha yenye majina matatu tu ya msingi huwa na majina ya nyeupe, nyeusi na nyekundu. Vivumishi vya Kiswahili vinaendana na kauli hiyo. Jambo hili halimaanishi kwamba mzungumzaji wa Kiswahili huona rangi chache. Linamaanisha kwamba, kwa rangi zilizosalia, lugha imeelekeza kidole kwenye vitu: jani, majivu, kahawa, zambarau, chungwa, waridi. Kwa mwalimu, huu ni mwongozo wa nini cha kuleta darasani.

3.1 Manjano

Manjano ni kiungo cha mchuzi kabla ya kuwa jina la rangi. Rangi yake hutokana na kurkumini, molekuli yenye mnyororo wa bondi mbili zinazopishana na bondi moja. Elektroni za mnyororo kama huo hazikai katika bondi moja tu, bali husambaa katika sehemu kubwa ya molekuli. Kadiri zinavyosambaa, ndivyo zinavyohitaji nishati ndogo zaidi ili kupanda ngazi. Kurkumini hufyonza zaidi mwanga wenye mawimbi ya karibu nanomita 425, yaani urujuani na buluu. Mwanga uliobaki, hasa wa kijani na mwekundu, hurudi machoni na kuonekana manjano. Hapa mwanafunzi hukutana na jambo lilelile aliloliona kwenye kioo cha simu, ingawa kwa njia nyingine: simu imetoa nyekundu na kijani, ilhali kiungo kimeondoa buluu na urujuani.

Kila mfuaji anajua kwamba doa la mchuzi wenye manjano likisuguliwa kwa sabuni ya mche hugeuka jekundu. Sabuni hiyo ni besi. Besi huondoa haidrojeni kutoka kwenye kurkumini, mpangilio wa elektroni hubadilika, na molekuli huanza kufyonza mawimbi marefu zaidi. Doa likikamuliwa ndimu, hurudi kuwa la manjano. Kwa kipande cha kitambaa, sabuni na ndimu, mwanafunzi ameona kwamba rangi ni habari kuhusu hali ya elektroni.

3.2 Zambarau na chai

Tunda la zambarau hupata rangi yake kutokana na anthosianini, kundi la molekuli linalopatikana pia katika choya. Maji ya choya ni mekundu kwa sababu yana asidi. Yakiongezwa magadi kidogo kidogo, hupita katika zambarau na buluu iliyofifia na kuelekea kijani. Shule isiyo na viashiria vya kiwandani inaweza kutumia maji hayo kupima asidi na besi.

Chai ya rangi nayo ina mafunzo mawili. Ikikamuliwa ndimu, hupauka papo hapo, kwa sababu molekuli zake za rangi ni asidi hafifu ambazo hukolea zinapokuwa na chaji na kufifia asidi inapoziondolea chaji hiyo. Ikitumbukizwa msumari wenye kutu na kuachwa kwa saa kadhaa, huwa nyeusi, kwa kuwa tanini za chai hushikamana na chuma. Baadhi ya wazungumzaji wa pwani huiita chai hiyo chai ya mkandaa, kwa jina la mti wa jamii ya mikoko ambao magome yake hutumika kutia rangi na kulainisha ngozi. Magome hayo nayo yana tanini nyingi.

3.3 Kijani

Neno kijani limetokana na jani. Klorofili iliyomo katika jani hufyonza mwanga wa buluu na mwekundu, na kuuacha wa kijani. Katikati ya molekuli yake kuna atomi ya magnesi. Joto na asidi huiondoa atomi hiyo, na mboga hupoteza kijani chake na kuelekea kahawia. Ndiyo maana matembele yaliyopikwa kwa muda mrefu na nyanya nyingi hufifia. Mpishi anayetia magadi hupunguza asidi na kuhifadhi kijani, ingawa magadi yakizidi huharibu baadhi ya vitamini. Mfano huu una thamani ya pekee, kwa sababu mwanafunzi hutambua kwamba uamuzi wa jikoni una gharama inayoweza kuelezwa kikemia.

3.4 Kahawia, kijivu na wekundu wa udongo

Buni mbichi ina rangi ya kijani iliyofifia. Kahawia, rangi inayobeba jina la kahawa, huzaliwa wakati wa kukaanga, pale asidi za amino zinapoungana na sukari. Mwitiko huo ulielezwa na Louis-Camille Maillard mwaka 1912, na ndio unaokaanga pia gamba la mkate na ngozi ya nyama choma. Kijivu cha majivu hupatikana kwa njia nyingine: chembe nyeupe za madini hutawanya mwanga wote, ilhali mabaki ya kaboni huufyonza wote. Mchanganyiko wao hupunguza mwanga bila kupendelea wimbi lolote.

Udongo mwekundu na udongo wa manjano-kahawia hupata rangi kutokana na chuma. Wekundu hutokana na oksidi iitwayo hematiti, na umanjano na goetiti, ambayo ina haidrojeni ndani yake. Udongo wa manjano ukichomwa, goetiti hupoteza maji na kugeuka hematiti, na udongo huwa mwekundu. Chungu kilichochomwa kwa moto wenye hewa ya kutosha huwa chekundu. Kikifungiwa moshi, huwa cheusi. Mfinyanzi wa kijijini anaweza kualikwa darasani kama mtaalamu wa jambo hili, kwani amekuwa akilitawala kwa mikono yake kila anapowasha tanuri.

3.5 Samawati

Jina samawati linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mbingu, na hapa orodha ya vitu hufikia kikomo chake. Mbingu si kitu kinachoweza kukatwa kipande na kuletwa darasani, na hewa haina dutu ya buluu. Molekuli za hewa hutawanya mwanga wa mawimbi mafupi zaidi ya ule wa mawimbi marefu. Lord Rayleigh alionesha mwaka 1871 kwamba kiasi cha kutawanya hupungua kwa kipeo cha nne cha urefu wa wimbi. Kwa hiyo mwanga wa nanomita 450 hutawanywa zaidi ya mara nne kuliko ule wa nanomita 650.

Jaribio lake ni rahisi. Bilauri ya maji hutiwa matone machache ya maziwa na kumulikwa kwa tochi kutoka upande mmoja. Anayetazama kutoka ubavuni huona ubuluu hafifu. Anayetazama upande wa pili, kuelekea tochi, huona mwanga wa rangi ya chungwa, kama jua linapozama. Maji hayana rangi, na maziwa ni meupe. Rangi imetokea pasipo dutu yoyote ya rangi.

Povu la sabuni linaongeza ushahidi. Mwanga unaoakisiwa na uso wa nje wa utando wa povu hukutana na ule unaoakisiwa na uso wa ndani. Kutegemea unene wa utando, baadhi ya mawimbi huimarishana na mengine hufutana. Povu likipasuka, rangi hupotea, kwa kuwa ilikuwa katika umbo, si katika sabuni. Diski ya CD ina mistari iliyoachana kwa takribani mikromita 1.6, na hutenganisha mwanga kwa kanuni inayokaribiana na hiyo. Mwanafunzi akiitazama kwenye diski nuru ya mshumaa, ataona mkanda usiokatika. Akitazama taa ya tyubu, ataona vipande vilivyotengana.

4.0 Kuchuja na Kupauka

Wavaaji wa kanga wana vitenzi viwili ambavyo somo la kemia lingeweza kuvitumia zaidi. Kanga huchuja pale maji ya kufulia yanapobadilika rangi. Hupauka pale inapoanikwa juani mara nyingi. Katika mazungumzo vitenzi hivi huingiliana, lakini mwalimu anaweza kuvitumia kutaja michakato miwili. Katika kuchuja, molekuli za rangi ni zima, ila hazikushikamana vya kutosha na nyuzi. Katika kupauka, molekuli zenyewe zimevunjwa na mwanga au dawa ya kung'arisha nguo, na mnyororo wa elektroni umekatika.

Tofauti hii huzaa maswali yenye manufaa. Maji yaliyochuja yanaweza kutia rangi kitambaa kingine. Nguo iliyopauka haiwezi kufanya hivyo. Shabu, ambayo ina alumini, husaidia rangi nyingi za mimea kushikamana na pamba. Rangi zinazoungana moja kwa moja na pamba kwa bondi ya kemikali ziliingia sokoni mwaka 1956 kupitia kampuni ya ICI ya Uingereza. Suruali ya jinzi ni hali ya tatu. Nili inayotumika humo haiyeyuki katika maji, nayo hukaa karibu na uso wa uzi, hivyo magoti huwa meupe kwa msuguano. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa nini kanga na jinzi huzeeka kwa namna tofauti ameelewa mahali rangi ilipo.

5.0 Mpangilio Unaopendekezwa

Makala haya yanapendekeza mada ianze na mwanga, kisha dutu, na kuishia na umbo. Kwa kila kitu kinacholetwa darasani, wanafunzi waulize maswali matatu. Je, rangi hubadilika mwanga unapobadilishwa? Je, hubadilika kwa ndimu au magadi? Je, hubaki kitu kinapopondwa au kupasuliwa? Swali la kwanza hutenganisha kitu na mwanga. La pili hufichua molekuli ambazo elektroni zake huguswa na asidi au besi. La tatu hutofautisha rangi ya dutu na rangi ya umbo: manjano yaliyopondwa hubaki manjano, lakini povu lililopasuka halibaki na chochote.

Tahadhari mbili zinahitajika. Kwanza, hina ni mfano mzuri wa jani la kijani linaloacha rangi ya chungwa iliyoiva, kwa kuwa molekuli yake iitwayo losoni hushikamana na protini ya ngozi. Hata hivyo, piko nyeusi isitumiwe kama mbadala wake. Dawa hizo nyeusi aghalabu huwa na parafenilinidiamini, kemikali ya kutia nywele rangi ambayo ikipakwa kwenye ngozi huweza kusababisha malengelenge na mzio wa kudumu. Pili, baadhi ya wanafunzi, hasa wavulana, huzaliwa na upungufu wa kutofautisha nyekundu na kijani, kwa sababu jeni zinazohusika zimo katika kromosomu X. Mwanafunzi anayetoa jibu tofauti asihesabiwe kuwa hakutazama vizuri. Uoni wake ni ushahidi hai wa maana ya tatu ya neno rangi.

6.0 Hitimisho

Imeelezwa kwamba neno rangi huunganisha dutu, mwanga na hisi, na kwamba mwanafunzi asiyesaidiwa kuzitenganisha hujenga maarifa yake juu ya msingi uliopinda. Imeoneshwa pia kwamba majina ya rangi katika Kiswahili, kuanzia manjano hadi samawati, huelekeza kwenye vitu vinavyoweza kuchunguzwa kwa gharama ndogo, na kwamba tofauti kati ya vitu hivyo ndiyo mtaala wa mada yenyewe.

Athari ya hoja hii ni kubwa zaidi katika upimaji. Swali linalomtaka mwanafunzi ataje rangi saba za upinde wa mvua hupima kumbukumbu. Swali linalomtaka aeleze kwa nini doa la manjano hugeuka jekundu linaposuguliwa kwa sabuni, na kwa nini povu la sabuni hiyohiyo huonesha rangi nyingi, hupima uelewa, kwa kuwa chanzo cha rangi ya kwanza kimo katika molekuli na cha pili katika unene wa utando. Mwanafunzi anayezitenganisha sababu hizo mbili katika beseni moja la kufulia anaweza kukutana na istilahi za lugha yoyote bila kupotezwa nazo.